Geji ya mrija au ya waya? Mama wa Wete na mafundi wawili wasioelewana

Assalaam alaikum, Fundi.

Mimi ni mama wa Wete, Pemba. Nina Hiace ya dizeli, injini ya 5L, inayobeba abiria baina ya Konde na Chake, na msimu wa karafuu ukifika hubeba na magunia juu ya keria. Mwenyewe sijui kuendesha. Anayeiendesha ni mtoto wa dada yangu, kijana niliyemlea kwa mikono yangu tangu anasoma skuli.

Mwezi uliopita gari ilichemsha ikipanda kilima, watu wamejaa. Ilipovutwa mpaka kwa fundi, mpira wa maji wa chini ukaonekana umepasuka, rejeta imekauka na hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imeatuka. Ikabidi hedi nyingine iagizwe Unguja, ikaletwa kwa boti hadi Mkoani. Pesa iliyokwenda huko ni ile niliyokuwa nimeiweka ya kuezekea nyumba.

Nilimuuliza mwanangu: wewe mshale wa joto hukuutazama? Akaniapia kuwa mshale ulikuwa katikati kama siku zote, na kwamba alitambua kuna jambo pale mvuke ulipomtokea chini ya kiti. Sikumwamini, Fundi. Nilimwambia maneno mazito, na mpaka leo dada yangu akija kwangu hasalimii zaidi ya mlangoni.

Sasa injini inafungwa upya na kila mtu anakubali kuwa tuweke geji za ziada, ya joto la maji na ya presha ya oili. Ugomvi umekuja kwenye aina. Fundi mzee wa Chake, ambaye marehemu baba yangu alikuwa hampeleki gari kwa mwengine, anataka za mrija. Anasema hazihitaji umeme kwa hiyo hazidanganyi, na seti ameshaniletea nyumbani. Fundi kijana wa hapa Wete anasema yeye hawezi kuingiza oili ya moto ndani ya gari ya abiria, na anataka za waya, yaani za umeme. Mzee akamjibu kuwa visiwani kwetu waya huliwa na chumvi kabla mwaka haujamalizika. Mwanangu yuko na fundi wa Wete, mume wangu yuko na mzee, na mimi niko katikati na gari iko juu ya matofali.

Naomba uniambie tuweke ipi. Pia nataka kujua kama ni kweli oili inaweza kumwagikia watu, au kijana anataka tu kuniuzia vyake. Na hii seti ya mzee, ambayo ina geji ya tatu ya chaji, niirudishe?

Mama wa Hiace, Wete

Fundi anajibu

Waalaikumu ssalaam, mama yangu. Pole sana kwa hedi, na pole kwa paa lililongoja.

Kabla ya geji nataka nizungumze habari ya mwanao, kwa sababu kwenye barua yako kuna neno moja linalomtoa lawamani: rejeta ilikauka. Sensa ya joto ya gari yenu, kama ya karibu kila gari, imetengenezwa kukaa ndani ya maji. Inapima joto la maji yanayoigusa. Mpira wa chini ukipasuka, maji hutoka yote kwa muda mfupi, na sensa hubaki imening'inia kwenye hewa na mvuke. Hewa haipelekei sensa joto kama maji yanavyopeleka. Hedi inaungua, chuma kinapinda, na mshale umetulia pale pale, au hata unarudi chini kidogo. Kijana alikuambia alichokiona, na alichokiona ndicho hasa kinachotokea maji yakikauka. Tafadhali mpigie simu dada yako leo, usingoje gari ifungwe.

Na hapa ndipo nataka wote mnisikilize, mafundi wote wawili pamoja na mumeo. Ile siku ya kilima, geji ya mrija isingewaokoa. Ya waya nayo isingewaokoa. Zote mbili zina kichwa kinachokaa majini, na maji yalikuwa yameshamwagika barabarani. Mnabishana juu ya kitu kizuri na cha lazima, lakini kilichoua hedi yenu kinahitaji kifaa kingine: king'ora cha kupungua maji. Ni sensa ndogo inayowekwa juu kwenye rejeta au kwenye mpira wa juu. Maji yakishuka chini yake, taa inawaka na king'ora kinalia kabla joto halijapanda. Kama hakipatikani, kuna sensa ya aina ya pete, inayofungwa chini ya bolti kwenye chuma cha hedi chenyewe. Hiyo inapima chuma, maji yawepo yasiwepo. Hedi za jamii ya injini yako hazivumilii joto la kupita kiasi, zinaatuka upesi, kwa hiyo kati ya kila kitakachonunuliwa, hiki kiwe cha kwanza.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe.

Geji ya oili ya mrija ni kitu cha zamani na cha kuaminika. Ndani yake mna kibomba cha shaba kilichopindwa kama mundu. Presha ikiingia, kibomba hutaka kunyooka, na kule kunyooka ndiko kunakosukuma mshale. Mfaransa Eugène Bourdon alikipatia hataza mwaka 1849, na hadi leo ndicho kilichomo kwenye geji za mitungi ya gesi na za kujazia upepo. Hakuna waya, hakuna betri. Mshale wake mara nyingi huzunguka sehemu kubwa ya uso wa geji, kwa hiyo hata badiliko dogo unaliona, wakati geji za umeme za bei ndogo mshale wake husogea robo duara tu. Mzee wa Chake ana haki ya kuipenda.

Lakini ili kibomba kile kifanye kazi, oili ya injini lazima ifike mpaka nyuma ya uso wa geji. Ni oili ile ile, yenye moto na presha ya injini, inapita kwenye mrija mwembamba mpaka kwenye dashibodi. Kwenye gari yenye boneti mbele, mrija hupita kwenye bati linalotenga injini na watu, ukafika. Hiace injini yake iko chini ya viti vya mbele. Mrija utatoka chini ya makalio ya dereva, utapita kwenye miguu yake na ya abiria wa mbele, kisha upande dashibodi. Mrija wa plastiki ukigusa bomba la moshi unayeyuka. Wa shaba, kwa mtikisiko wa dizeli na barabara mbovu, hukakamaa ukapasuka kwenye kona. Ukipasuka ndani, oili yenye joto la kuunguza ngozi inarukia miguu ya watu na kulainisha pedeli za breki. Ukipasuka karibu na bomba la moshi, unakaribisha moto. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, mama, kijana wa Wete hakutishi ili auze. Kwa gari ya abiria yenye injini chini ya kiti, mimi oili ndani siingizi. Kama ingekuwa pikapu yako ya shamba, ya mtu mmoja na boneti mbele, ningekubali, kwa sharti mrija uwe ule uliosukwa kwa waya wa chuma.

Kwa hiyo oili iwe ya waya. Lakini mzee naye chumvi hakuitia chumvi, na fundi wa Wete asipoielewa vizuri atakufungia geji itakayokuliwaza huku injini inakufa.

Geji nyingi za waya zinafanya kazi hivi: kwenye injini kuna sensa ambayo upinzani wake wa umeme hubadilika kadiri presha au joto linavyobadilika. Umeme unatoka kwenye geji kwa waya mmoja, unapita kwenye sensa, unamalizikia kwenye chuma cha injini kupitia hesi za sensa yenyewe, ile mikato ya kukazia. Hiyo ndiyo ethi yake, njia ya umeme kurudi kwenye betri. Kutu ikiingia pale, au kwenye waya wa ethi unaounga injini na bodi, inaongeza upinzani ambao geji haijui kuwa ni wa kutu. Itausoma kama habari ya injini.

Itasoma nini? Chukua geji za mfumo wa VDO ya Ujerumani, ambao wengi wanauiga. Sensa yake ya oili ina upinzani wa omu 10 (omu ndiyo kipimo cha upinzani) pakiwa hapana presha, na unapanda mpaka 180 presha ikifika mwisho. Kutu ikiongeza omu kadhaa, geji itaonesha presha kubwa kuliko iliyopo. Sensa ya joto iko kinyume: ikiwa baridi upinzani ni mkubwa, ikipata moto unashuka. Kutu ikiongeza upinzani, geji itaonesha injini ni baridi kuliko ilivyo. Tazama balaa lake: kwenye oili na kwenye joto, uongo unakwenda upande wa kukutuliza. Kifaa kinachokosea kwa kupiga kelele bure kinakera, lakini hakiui injini. Hiki kinakaa kimya.

Dawa yake ipo, wala si ghali. Nunueni geji ambayo sensa yake ina waya wake wa kurudishia umeme, ya waya mbili au tatu, isiyotegemea hesi kuwa ethi. Hizo za waya tatu ndizo ninazozipenda zaidi: zinapewa umeme wao, zina ethi yao, na zinarudisha ishara kwa waya wa peke yake. Viungio viwe vile vyenye mpira wa kuzuia maji, na kila kiungio kipakwe grisi. Fundi asisokote waya na kufunga tepu, hasa gari inayolala karibu na pwani. Waya wa ethi wa injini ubadilishwe mpya wakati huu ambapo gari iko wazi, na pale unapofungwa bodi pasuguliwe mpaka chuma kiwe cheupe. Na kama mtapata ile ya waya mmoja tu, fundi asizungushe tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye hesi zote. Tepu hiyo inaweza kukata ethi, mkamlaumu mtengenezaji bure.

Geji na sensa zinunuliwe pamoja, za seti moja. Zipo geji za Kimarekani ambazo sensa zake zinahesabu kinyume, kutoka omu 240 kushuka hadi 33. Ukichanganya sensa ya huku na geji ya kule, mshale utatembea vizuri tu, na kila namba itakuwa ya uongo.

Jambo la hesi nalo limevunja injini za watu. Tundu la swichi ya oili kwenye Toyota ni la robo ya nusu inchi, yaani moja ya nane, kwa kipimo cha Kijapani ambacho ni sawa na cha Kiingereza, hesi 28 kwa inchi. Geji nyingi za Kimarekani ni moja ya nane vile vile kwa jina, lakini hesi zake ni 27. Inaingia mizunguko miwili mitatu, inakaza, fundi anadhani imekubali, anaongeza nguvu ya spana na kuharibu tundu la injini. Kiunganishi cha kugeuza kutoka kipimo kimoja kwenda chengine kinauzwa. Kiagizwe pamoja na geji, kwa sababu mkikikumbuka baadaye ni kungoja boti nyingine.

Taa ya oili ya gari msiiondoe. Fundi aweke kigawanyi cha njia tatu, upande mmoja swichi ya taa, upande mwengine sensa mpya. Ila sensa za oili ni nzito, na dizeli inatikisa. Sensa ikining'inia kwenye kigawanyi cha shaba kwa miezi, shaba huchoka ikakatika, na hapo oili yote inamwagika barabarani, geji iwe ya umeme au isiwe. Bora itolewe kwa mpira mfupi wa presha na sensa ifungwe kwa bano kwenye bodi. Ndiyo maana nasisitiza sensa yenye waya wake wa ethi, maana ikishafungwa mwisho wa mpira haina tena chuma cha injini cha kuegemea.

Sasa maji. Hapa mimi naona mzee ameshinda, na utashangaa kuwa nagawa.

Geji ya joto ya mrija si sawa na ya oili. Mrija wake umezibwa pande zote mbili kiwandani. Ndani mna kimiminika chepesi kinachogeuka mvuke kwa urahisi, na kile kichwa cha shaba kikipata moto, mvuke unasukuma kibomba kwenye geji. Maji ya injini hayaingii ndani ya gari hata tone. Ukipasuka, hapana wa kuungua, geji inakufa tu na mshale unalala chini, jambo ambalo dereva ataliona asubuhi gari ikishapata moto. Haina ethi ya kuliwa na chumvi. Kwa gari ya Pemba, hiyo ni sifa kubwa.

Ugumu wake ni mrija wenyewe. Haukatwi, hauungwi, haupunguzwi. Mwingi unaouzwa una urefu wa futi 6, karibu mita 1.8, ingawa mrefu zaidi pia upo. Kabla ya kutoboa chochote, fundi apime kwa kamba kutoka mahali sensa itakapokaa, kupitia njia halisi, mpaka kwenye dashibodi ya Hiace. Kama kamba inazidi mrija, hapo basi, chukueni ya waya kwa maji pia, kwa masharti yale yale ya ethi. Kama inatosha, unaozidi ukunjwe duara pana bila kuvunjwa kona, na kila unapopita bati pawekwe raba.

Kichwa kikae juu, mahali maji yanapotoka injini kuelekea rejeta, si kwenye mpira wa chini ambako maji yameshapoa. Wengine hukata mpira wa juu na kutia kipande cha alumini chenye tundu. Inafaa, na kwa geji ya mrija haina neno. Kwa ya waya mmoja haitafanya kazi mpaka kipande hicho kipewe waya wa ethi, maana kimeshikwa na raba pande zote mbili.

Na hapa kuna kipimo unachoweza kukisimamia mwenyewe, mama, bila kujua spana. Kabla geji haijafungwa, mwambie fundi aje nayo kwako. Chemsha maji kwenye sufuria. Pemba iko usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanayotokota ni digrii 100. Kitumbukizwe kichwa humo. Mshale ukae kwenye 100 au karibu sana. Ukisimama 85, irudi dukani iwe ya nani iwe. Ya waya nayo inapimwa hivyo hivyo, ikiungwa betri na ethi.

Geji ya tatu ya ile seti, ya chaji, itazame usoni. Ikiwa imeandikwa volti, ifungwe: injini ikiwaka inapaswa kusoma baina ya 13.8 na 14.5 hivi, na ikizimwa betri nzima husimama karibu na 12.6. Ikiwa imeandikwa ampea, usiifunge. Umeme wote wa chaji lazima upite ndani yake, yaani waya mnene wenye moto wote wa altaneta unaletwa dashibodini na kurudi. Ukichubuka, gari inaungua.

Mwanao akishafungiwa, azijue namba za gari yake ikiwa nzima. Maji kwa kawaida yatakaa baina ya digrii 80 na 95. Yakipita 105 aegeshe, hata kama abiria wananung'unika na utingo anapiga bodi, na kifuniko cha rejeta kisiguswe mpaka injini ipoe. Oili, injini ikiwa imeshapata moto na haikanyagwi mafuta, inaweza kushuka sana. Kwa injini za jamii hii Toyota inakubali hata kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba, kwa hiyo asishtuke gari ikisimama Konde. Akikanyaga mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika, isiwe chini ya kilo 2.5. La kuogopwa ni mabadiliko: ikiwa jana kilimani ilisoma 4 na leo pale pale inasoma 2, asingoje taa iwake, kwa sababu taa ya oili huwaka wakati presha imekaribia kwisha.

Seti ya mzee usiirudishe yote. Ya joto ifungwe ikiwa mrija unafika na sufuria imekubali. Ya oili mpe fundi wa Chake mwenyewe abaki nayo kama chombo cha kupimia, na umuombe aje Wete siku injini itakapowashwa. Aifunge moja kwa moja kwenye injini, gari ikiwa imeegeshwa na watu wote wako nje, namba zake zilinganishwe na za geji ya waya ya yule kijana kwa mizunguko ile ile. Zikipishana sana, kosa litafutwe kwenye ethi kabla gari haijapakia mtu. Kisha aifungue, aondoke nayo.